Sahani Si Sahani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyo hiyo ushuru umepanda. Tumeshangilia vyote viwili.

Kaka aliingia kiwandani na gazeti kichwani, akijikinga mvua kwa habari ile ile aliyotaka tuisikie. Akapanda juu ya kreti, akalikunjua likiwa limelowa, akasoma kwa sauti ya kampeni: sufuria, vifuniko, bakuli na sahani za alumini kutoka nje sasa zitatozwa ushuru wa asilimia thelathini na tano. Zamani ilikuwa kumi. Maneno hayo ni yake, neno kwa neno. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha wenye viwanda vya vyombo, na ndiye aliyeandika ombi lililopelekwa wizarani mwaka jana. Alitusomea hapa hapa kabla ya kulituma, tukampigia makofi. Leo tumempigia tena. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

"Ukuta umejengwa!" akasema. "Hizo sufuria zao za karatasi zikae huko huko kwao!"

"Na mlango umeachwa wapi, Mwenyekiti?" akauliza fundi wetu wa presi. Watu wote wanamwita Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno analomwambia kila binadamu na kila mashine. Tulicheka sana.

Daktari ndiye aliyenituma kuandika. Alisema presha yangu inapanda kwa sababu nameza maneno, na nisipoyatema kwa mdomo niyateme kwa kalamu, kama vile namweleza mtu asiyejua lolote. Basi wewe usiyejua lolote, sikiliza. Kiwanda hiki alikianzisha baba. Tunatengeneza sufuria za alumini. Kaka anashughulika na mikutano, mimi nashughulika na kiwanda. Tuna presi moja kubwa, umri wake ni kama wangu, na kila siku inafanya jambo moja: inachukua kipande cha alumini cha duara, bapa, inakibana, kinatoka kina tumbo la sufuria. Kisha kinakunjwa mdomo, kinapigwa masikio kwa riveti, kinang'arishwa, kinakwenda sokoni. Hicho kipande cha duara sisi tunakiita sahani. Baba alikiita hivyo siku shehena ya kwanza ilipofika, kwa kuwa vilikuja vimepangana kama sahani za karamu, na jina likakaa. "Leta sahani namba arobaini." "Sahani zimebaki ngapi?" Hata kwenye karatasi za oda tunaandika hivyo, na wauzaji wa nje wanatunakili. Namba ni upana wake kwa sentimita, na hugongwa mgongoni mwa kila moja.

Jumatano, 5 Machi

Kontena letu liko njiani. Bei ya alumini duniani inapanda kila wiki, na nilipoiona inaanza kupanda nilinunua sahani za msimu mzima kwa mkupuo mmoja, kwa kila tulichokuwa nacho. Kaka aliniita mcheza kamari. Tuna oda ya sufuria kubwa za shule za bweni, wanazitaka kabla wanafunzi hawajarudi mwezi wa sita. Sahani zikifika, presi itanguruma mpaka Juni. Zisipofika, hatuna uwezo wa kununua nyingine kwa bei ya sasa, na kiwanda kisicho na cha kubana ni ghala tu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Nimelala usingizi wa mtu tajiri.

Jumatano, 12 Machi

Kontena limefika bohari ya forodha. Wakala wetu, huyu tunayemwita Kesho Asubuhi kwa sababu mzigo wake hutoka kesho asubuhi siku zote, alipiga simu.

"Dada, mzigo upo. Ila kuna kaneno."

"Kaneno gani?"

"Kaneno kadogo tu. Wameandika thelathini na tano."

"Thelathini na tano ya nini? Malighafi haina ushuru."

"Ndiyo hako kaneno, dada."

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda mwenyewe, mimi na Tulia, na sahani moja ya mfano kwapani. Afisa aliyetupokea ni binti mdogo, kalamu zake zimepangwa mezani kwa mstari, adabu tupu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikakosa pa kushika.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mzigo wetu. Mmeutoza kama vyombo vya jikoni, na huo si vyombo, ni malighafi."

"Sawa mama. Hebu niione."

Nikampa. Akaigeuza huku na huku, akaigonga kwa kucha.

"Hii mnaiitaje?"

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikajibu, "Sahani."

Tulia akaona anisaidie. "Sahani namba arobaini, binti."

Yule binti hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaiweka mezani taratibu. "Hata kwenye karatasi zenu imeandikwa sahani za alumini. Na amri mpya inasema sahani za alumini. Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Lakini tumeziingiza miaka yote!"

"Najua. Wazee waliokuwa hapa walikuwa wanawafahamu, wanafungua, wanaona, wanapitisha. Wamestaafu. Sasa ni kompyuta. Ukiiandikia sahani, inakutolea thelathini na tano."

"Mwanangu, hii itazame vizuri. Haina ukingo. Haina hata kina. Nani atalia chakula hapa?"

"Mtu akiamua kulia, itamkataza?"

Tulia akakohoa. Namjua, alikuwa anaficha kicheko. Nilitaka nimkanyage mguu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sisi kisima chetu tulikichimba kwa makofi. Kaka aliandika "sahani" akimaanisha sahani za kulia, zile zinazokuja na sufuria za nje. Amesikia neno hilo kiwandani tangu utotoni, likitumika kwa kitu kingine kabisa, lisimkae kichwani hata siku moja, kwa sababu yeye kiwandani hupita tu akielekea kwenye gari.

Fedha ya kulipa hatuna, yote imo ndani ya kontena, lakini binti alitupa njia. Amri imetokana na ombi la chama. Chama kikiandika barua kwamba kilimaanisha sahani za mezani, na kwamba hizi zetu ni duara za malighafi, ataiambatisha na mzigo utatoka bila ushuru. Anachohitaji ni saini ya mwenyekiti na mhuri.

"Mwenyekiti ni kaka yangu," nikamwambia. "Tumenyonya ziwa moja."

"Basi mama, umeshamaliza."

Njiani tulicheka mpaka machozi. "Sahani namba arobaini, binti," namwigiza Tulia, na yeye ananiambia, "Tulia, dada, wewe ndiye uliyeanza."

Jumatatu, 17 Machi

Kaka hakucheka. Nilimkuta kwa Mama, nyumba ya nyuma ya kiwanda, anakunywa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Jina langu liko wizarani. Wananiweka kwenye kamati ya ushuru. Nikiandika leo kwamba ombi langu lilikuwa na neno bovu, watasemaje? Mwenyekiti wa vyombo hajui sahani ni nini?"

"Si hujui kweli? Ndiyo maana tuko hapa."

Mama alicheka akapaliwa na chai. Kaka naye akatabasamu, kwa shida. "Nipe wiki mbili tu, dada yangu. Waniapishe. Nikishakaa kitini, barua hiyo nitaiandika kwa mkono wa kushoto."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Amekisubiri kiti hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wiki mbili si kitu. Nimemwambia sawa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Sahani za akiba zimekwisha leo mchana. Presi imenyamaza. Nilikuwa sijui kuwa jirani zetu wana jogoo.

Jumatano, 26 Machi

Kaka anasema kuapishwa kumesogezwa mbele. Tulia anakuja kila asubuhi, anaipaka presi mafuta, anaizungusha tupu mara chache ili isishike kutu, anakaa. Wenzake wanacheza bao la vizibo vya chupa. Hakuna anayeniuliza kitu. Ningependa waniulize, nipate wa kumfokea.

Ijumaa, 4 Aprili

Wiki mbili zimepita na nyingine inaanza. Nimezunguka kwa wanachama wengine wa chama, kila mmoja na karakana yake. Wengi wao hawana shida hii, kwa kuwa wananunua mabamba ya alumini na kuyakata wenyewe. Walinipa kiti, wakanipa pole. Mzee mmoja wa vifuniko ndiye aliyesema wazi: "Mwenyekiti ni ndugu yako wa tumbo moja. Kama wewe umeshindwa, sisi tuanzie wapi?" Nilirudi nimelowa mpaka kwenye soksi, na bei ya alumini imepanda tena.

Jumanne, 15 Aprili

Yule binti wa forodha ameniruhusu kuliona kontena. Kesho Asubuhi alinifungulia mlango, akasimama pembeni kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Maji yameingia kwa juu, kwenye kona.

Alumini ikibanana na maji yakakaa katikati, hutoa madoa meupe. Nilivuta sahani za juu, zilikuwa na madoa kama choa kichwani kwa mtoto. Nilisugua kwa kanga yangu, hayakutoka. Nikaingiza mkono chini zaidi, nikavuta za katikati. Nzima. Zinang'aa, nikauona uso wangu humo, na sikuupenda.

Nyingi bado zinapona. Zenye madoa tutazisugua. Lakini kila siku ya mvua inakula mbili tatu, na mtu anayeweza kuzitoa ana kalamu mfukoni na anasubiri kuitwa mheshimiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu sasa linauma kweli, si methali tu.

Nilimpigia simu pale pale nikiwa ndani ya kontena. Akasema yuko kwenye kikao. Nilisikia vijiko.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama ameniita. Amesikia sauti yangu jana nikiongea na Kaka, na ukuta wa kati ni mwembamba.

"Huyo ni mkubwa wako," akasema. "Usimwite mwoga."

"Mama, presi imekaa tangu mwezi uliopita."

"Najua. Sisikii kitu mchana, nadhani nimekuwa kiziwi. Lakini ndugu mui heri kuwa naye. Baba yenu hakunifundisha mambo ya ushuru. Alinifundisha kuwa nyinyi wawili mkigombana, kiwanda kimekufa."

"Na tusipogombana?"

Aliendelea kukunja nguo. Najua anampenda zaidi. Nimelijua hilo tangu utoto na halikuwahi kunizuia kula. Safari hii limenizuia.

Alhamisi, 24 Aprili

Kaka ameapishwa. Picha yake gazetini. Tai imekaa upande.

Jumatatu, 28 Aprili

Amekwenda semina ya siku nyingi. Barua hakuandika. "Nikirudi," kasema.

Mhuri wa chama anauweka kwenye mtoto wa meza yake hapa kiwandani. Leo mchana niliandika barua mimi mwenyewe, nzuri, fupi, duara ikaitwa duara. Nikafungua, nikautoa mhuri, nikaubonyeza kwenye wino. Saini ya Kaka naijua. Nilikuwa naiigiza kwenye karatasi za mahudhurio yake chuoni, kwa ombi lake.

Nilikaa na mhuri mkononi mpaka wino ukanichafua vidole. Nilimfikiria yule binti na kalamu zake kwa mstari. Siku likifumuka, yeye ndiye atakayefukuzwa, Kaka atakuwa mheshimiwa na mimi nitakuwa dada wa mheshimiwa. Niliurudisha. Nilisema ni kwa ajili ya binti, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliogopa. Wino hautoki kirahisi, nimekula chakula cha mchana kwa kijiko.

Alhamisi, 8 Mei

Leo naandika ndefu. Daktari anisamehe.

Kaka alirudi asubuhi na furaha, na mfuko wa nailoni. Akatoa humo sufuria. Safi, nyembamba, mdomo umekunjwa vizuri kuliko tunavyokunja sisi. Haikuwa na masikio. Pembeni kulikuwa na matundu tu, mawili huku na mawili kule.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

Nimeshajifunza kuogopa swali hilo. "Sufuria," nikasema.

"Umekosea!" Akapiga meza kwa furaha. "Hiyo si sufuria. Haina masikio, haijakamilika. Kisheria hiyo ni malighafi ya kiwanda. Ushuru wake? Sifuri!"

Nilimtazama. Nilidhani ananitania.

"Nimeikuta kwenye kanuni zenyewe, kule kamatini," akaendelea. "Iko wazi, hakuna aliyeisoma. Kontena la kwanza limeshatoka bandarini. Tunaweka masikio hapa, tunapeleka shuleni, oda inatimia kwa wakati. Nimekuokoa, dada yangu."

"Limeshatoka? Kontena la nani?"

"La kwetu. Kwa jina la wifi yako. Mimi siwezi kuonekana, niko kwenye kamati."

"Uliliagiza lini?"

Hapo akaanza kuikunja ile nailoni. Kontena haliji kwa wiki moja. Lilikuwa baharini wakati mimi naambiwa subiri niapishwe. Lilikuwa baharini wakati nasugua madoa kwa kanga.

Nilimwambia, na naandika nilivyosema: "Sahani bapa, isiyoweza kushika hata maji, ushuru thelathini na tano kwa sababu ni chombo. Sufuria nzima, inayoweza kupika sasa hivi, haina ushuru kwa sababu si chombo. Kaka, hivi unasikia?"

"Mimi sikuandika kanuni."

"Ile ya kwanza uliiandika wewe!"

"Kwa nia njema!" Na hapo ndipo nilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza msimu huu. Mwezi wa tatu nilimwona mtu anayeogopa aibu. Mwezi wa nne nilimwona mwoga. Asubuhi hii, kwa dakika moja, nilimwona mwizi. Lakini mwizi anajua ameiba. Huyu macho yalikuwa yamemlegea kwa kuonewa. Anaamini kweli ametuokoa, na anashangaa kwa nini simpigii makofi.

"Andika barua," nikasema. "Kiti unacho. Andika leo, sahani zitoke."

"Sasa ndiyo siwezi kabisa. Kazi yangu ya kwanza kamatini iwe kusamehe mzigo wa dada yangu? Wataniita fisadi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka Tulia akachungulia mlangoni.

Mwishowe tulikubaliana kama watu wanaogawana nyumba. Wapiga masikio wataanza kazi Jumatatu. Watu wa presi watasubiri. Kaka anataka presi iondoke ili apate nafasi ya kupanga maboksi. Nimemwambia presi haiondoki maadamu sahani zetu bado zipo duniani. "Sawa," akasema. "Zikipotea, itaondoka." Forodha wameshatangaza kuwa mizigo isiyolipiwa itapigwa mnada. Nitakwenda.

Jumatatu, 12 Mei

Maboksi yameingia. Wafanyakazi wamezipa zile sufuria jina kabla ya saa ya chai. Hazina masikio, basi ni viziwi. "Nipe kiziwi." "Viziwi vimebaki vingapi?" Mvua imepungua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekusanya kila nilichoweza, pamoja na dhahabu yangu ya masikioni, nami sasa ni kiziwi mwenzao. Mnada kwa kawaida ni rahisi. Vyuma chakavu huchukuliwa kwa bei ya kutupa, na nilijua hakuna anayetaka duara zenye madoa. Niliingia nikiwa na matumaini, nakiri.

Mnadi akasoma karatasi. "Sahani za alumini! Kontena moja!"

Mkono mmoja ukapanda, na haukuwa wangu. Alikuwa yule bwana wa maturubai, anayekodisha viti, mahema na vyombo vya sherehe mjini. Nikapandisha, akapandisha. Nikapandisha tena. Watu wakageuka kutazama.

Nikamsogelea. "Ndugu yangu, hizo si sahani."

"Mama, imeandikwa sahani."

"Zimeandikwa tu. Ni malighafi, ni vipande bapa. Nenda ukazione."

Akanitazama kwa jicho la mfanyabiashara anayejua anadanganywa. "Kama si sahani, wewe unazigombania za nini? Unajua sahani sasa hivi ni bei gani, tangu waupandishe ushuru huu? Nina harusi kila wiki na watu wanakula kwa zamu!"

Akapandisha. Nilikuwa sina tena. Nyundo ikagonga.

Yule binti wa forodha alikuwa amesimama karibu na mlango. "Barua haikuja, mama?"

"Haikuja, mwanangu."

"Pole," akasema, na alimaanisha. Nilitamani angekuwa na kiburi, nimchukie, nirudi nyumbani na kitu.

Jumatano, 21 Mei

Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja na gesi ya kukatia. Presi imetoka vipande vipande, imepimwa kwenye mizani, kama nyama. Watu wa presi walisimama ukutani wakitazama. Wote wamepewa barua za kuondoka isipokuwa wawili waliokubali kujifunza kupiga masikio. Tulia hakukubali.

"Kaa, nitakutafutia kazi," nilimwambia.

"Kazi gani, dada? Kumwekea mtu masikio nchi ambayo hakuna anayesikia?" Akanipa mkono. Nilingoja aseme neno lake. Hakulisema, na mimi nilikuwa nalihitaji. Nimelia stoo, katikati ya viziwi.

Ijumaa, 30 Mei

Oda ya shule imekamilika. Walimu wamezipokea, wamesifu wepesi wake.

Jumanne, 3 Juni

Jua. Mvua imekwisha kabisa. Kaka anafanya karamu Jumamosi kupongeza uteuzi. Siendi. Mama anasema nitakwenda.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda. Mama alinishika mkono tangu mlangoni asinipoteze.

Hema kubwa, viti vyenye vitambaa, vipaza sauti. Mtu wa wizara alihutubia, akasema Kaka ni mtetezi wa viwanda vya ndani. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu niliiweka mapajani, ikatulia huko. Kaka naye akahutubia, akamtaja marehemu baba, akataja jasho. Alitutaja mimi na Mama, tukasimama, tukakaa.

Kisha chakula kikaletwa. Wali, nyama na mchuzi mwingi. Wahudumu walikuwa wanatembea kwa namna ya ajabu, polepole, mikono imenyooka, kama watu waliobeba mayai. Nilipowekewa cha kwangu nilielewa. Nilielewa kabla hakijagusa meza.

Ilikuwa bapa. Haikuwa na ukingo. Ilikuwa na doa jeupe upande mmoja, chini ya wali, na ingawa sikuigeuza, najua ilikuwa namba ishirini na sita. Mchuzi haukuwa na pa kukaa. Ulitembea chini ya wali, ukatoka upande wa pili, ukashuka kwenye kitambaa cha meza. Meza nzima ilikuwa hivyo. Wageni walianza kuinama, wengine wanazuia kwa kiganja, wengine wanacheka. Mtu wa wizara alikuwa ameinua ya kwake kwa mikono miwili kuisawazisha, tai yake imeshalowa. Bwana wa maturubai alikuwa nyuma ya masufuria, anafuta uso kwa taulo, hataki kutazama upande wangu.

Kisha mchuzi wa Mama ukamwagika. Wote, mapajani, kwenye nguo aliyoishonesha kwa ajili ya siku ya mwanawe. Ulikuwa wa moto. Aliinua mikono juu tu.

Kaka aliruka kutoka meza kuu, akaja na leso, akapiga magoti kumfuta. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Akaichukua ile sahani, akaitikisa hewani mbele ya watu wote.

"Sahani gani hizi?" akafoka. "Hazina hata ukingo! Nani katengeneza takataka hizi?"

Wahudumu walisimama. Nilimtazama kaka yangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, amepiga magoti na kipande chetu cha alumini mkononi.

"Hazijatengenezwa, Kaka," nikasema.

Aliitazama. Akaigeuza, akaona namba. Akaendelea kuitazama, mchuzi ukimtiririka kwenye kiwiko mpaka ndani ya mkono wa koti. Mtu wa wizara ndiye aliyecheka, akidhani ni utani wa kifamilia, na wengine wakacheka naye.

Mama akanivuta nguo. "Mwanangu," akasema, "hebu nitafutie bakuli."